Mlango wa Barabara ya Juu

Guwahati, 4 Machi

Kwa Baba mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima, na natumaini magoti yako bado yanakutii. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unasikia nusu na nusu unajitungia.

Baba, wamenipa Aizawl. Ofisi yetu imepata kazi ya kuandika maelezo ya mji wetu, ili mpango wa miaka ishirini ijayo utengenezwe juu yake. Bosi alipouliza nani anaujua, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Nimeandika kurasa sitini. Nimeeleza jinsi mji wetu unavyokua kwenda chini, mtu anaingia kwake usawa wa barabara kisha anashuka ghorofa tatu kwenda kulala. Wenzangu wa huku bondeni walidhani natania.

Kilichonitoa jasho ni mipaka ya mitaa. Unajua mnavyogombania nyumba za kwenye mteremko, kichwa kiko mtaa huu, miguu iko mtaa ule. Nikatunga kanuni moja: nyumba yenye mlango kwenye barabara ya juu ni ya mtaa wa juu. Basi. Mabaraza ya mitaa yote yamekubali, na wewe mwenyewe unajua walivyo wabishi. Ramani ya awali itabandikwa mwezi huu huu. Jina langu liko kwenye jalada, zima, bila kufupishwa.

Binti yako,
Sangi


Aizawl, 21 Machi

Mwanangu Sangi,

Barua yako imeletwa na dereva wa gari la Guwahati ikinuka samaki wakavu, lakini imefika. Mimi sijambo. Magoti yanalalamika, siyajibu. Majirani wote wazima, nguruwe wa Pi Rokimi amezaa, na mvua za mwanzo zimeshaosha barabara.

Nimeisoma mara tatu peke yangu. Ya nne nimeisoma mbele ya Chama cha Vijana cha mtaa wetu wa Tuilam, ambacho mkuu wake wa wachimba makaburi bado ni kijana wa miaka sabini na moja, yaani mimi. Walipiga makofi. Nilijifanya nakohoa ili wasinione uso. Kisha tukaenda kuitazama ramani ukutani mwa ukumbi, na nikawaonyesha jina lako kana kwamba hawajui kusoma.

Nina swali dogo, la mtu asiyejua mambo ya ramani. Ule mlango wa chai wa mama yako, nao unahesabiwa kuwa ni mlango?

Usikonde huko. Kula.

Baba yako


Guwahati, 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana najua ulivyo, ungeniambia ni mzima hata kama umelala chini ya jiwe.

Nilipofika kwenye swali lako nilifungua karatasi ya ramani ya mteremko wetu, nikakaa sakafuni. Maisha yangu yote nimeingia nyumbani kwa mlango wa chini, wa Tuilam. Ule wa juu sikuwahi kuufikiria kuwa mlango. Ni Mama tu alitoboa ukuta wa ghorofa ya juu mwaka nilioanza shule, akaweka birika na benchi, akawa anawauzia chai watu wa mtaa wa juu, Hmunsang. Lakini unafunguka kwenye barabara yao. Kwa kanuni yangu, nyumba yetu imekuwa ya Hmunsang.

Na kila mtaa unazika watu wake. Mama yuko kwenye makaburi ya Tuilam. Wewe umechimba makaburi kule miaka arobaini, umelala kwenye nyumba za wafiwa mpaka Mama akawa anakuuliza kama una kwako. Sasa nimekuhamisha kwa kalamu yangu mwenyewe, na siku ikifika watakupeleka mlima mwingine na kumwacha yeye peke yake. Nisamehe, Baba. Naona aibu hata kuandika.

Lakini inarekebishika. Nitaupinda mstari kidogo uizunguke nyumba yetu. Kwenye ramani ni kama unene wa ukucha. Hakuna atakayeona.

Sangi


Aizawl, 15 Aprili

Sangi,

Mimi mzima, na huo si uongo.

Mstari usiuguse.

Pu Lianzuala, mwenyekiti wa Hmunsang, alikuja juzi na kopo la biskuti kunikaribisha mtaani kwake. Akakaa kwenye benchi la mama yako, akanieleza makaburi yao yanavyopata upepo mzuri na jinsi mtu anavyoona mpaka milima ya mbali. Nikamuuliza maiti ataangalia kwa jicho gani. Tulicheka, tukala biskuti, lakini alipoondoka sikuweza kumaliza chai yangu. Mimi na mama yako hatutalala bega kwa bega, najua, kule tunapangwa kwa zamu ya kufa. Ila nilitaka tuwe mlima mmoja. Hilo nalitaka kuliko kitu chochote kilichobaki.

Sasa sikiliza. Ziko nyumba kumi na moja kwenye mteremko huu zenye shida kama yetu. Pi Rokimi amelia kwa sababu mumewe naye yuko Tuilam. Ukiupinda mstari kwa ajili yangu, yeye utamwambia nini? Watasema ramani ya Sangi ni ramani ya baba yake. Mimi niliyesimama mbele ya watu nikajisifu kwa ajili yako, nitaipitisha wapi sura hii? Sitaki kuzikwa kwa kupendelewa.

Kanuni yako ni nzuri. Hata nisingekuwa nimekuzaa ningeisifu.

Baba yako


Guwahati, 30 Mei

Baba,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Simu inaita tu. Nilimpigia Pi Rokimi, akacheka, akasema una shughuli na saruji, akakata.

Mstari sijaugusa. Nimekaa mbele yake usiku na mchana na sijaugusa. Mpimaji wetu anakuja huko wiki ijayo kupita nyumba kwa nyumba kwa mara ya mwisho, kisha ramani inakwenda kuchapwa. Nilimwambia bosi kila kitu, kuhusu wewe na Mama. Akasema pole, kisha akasema anashukuru sikumficha.

Saruji ya nini, Baba? Niambie tu kwamba u mzima.

Sangi


Aizawl, 12 Juni

Mwanangu,

Mimi mzima, ila mikono imechubuka, ndiyo maana mwandiko umekaa hivi.

Nimeuziba mlango wa juu. Matofali nimebeba mwenyewe, vijana wa Tuilam wamechanganya saruji kwa sababu niliwaruhusu. Ilichukua muda kwa kuwa kila nikianza nilikuwa nasimama kwanza nalitazama lile birika. Pale ndipo alipokuwa anakaa mama yako. Nilipoweka tofali la mwisho nililia, na sikujifanya nakohoa. Pi Rokimi ameshaazima mwiko wangu wa kujengea azibe mlango wake, na nyumba nyingine mbili zinausubiri.

Mpimaji wako alikuja, binti mwenye adabu. Hakujua mimi ni nani na sikumwambia. Aligonga ukuta, akauliza kama hapa hakuna mlango. Nikamwambia ulikuwepo. Akaandika: mlango mmoja, chini, Tuilam. Nimeona kwa macho yangu.

Usiniandikie mambo ya moto na mlango wa pili, najua utaandika. Kuna dirisha.

Zamani kufika barabara ya juu ilikuwa hatua moja. Sasa nashuka ghorofa zote ndani, natoka, napanda ngazi za nje mia moja na arobaini na tatu, na mvua imezitia utelezi. Napumzika mara tatu. Jana nilipokaa kwenye pumziko la pili, vijana wanne wa mtaa wetu walinikuta, wakataka kunibeba mpaka juu. Niliwaambia wawe na subira, mimi ni wa Tuilam, siku yao ya kunibeba ipo.

Baba yako