Ukurasa wa Tatu

Zakaria, mnyalukolo wangu, ndugu yangu,

Sitaanza kwa kusema mimi sijambo. Wewe ulianza hivyo, nami nikakuamini.

Jana tumekuzika Kitandililo. Nilisimama kando ya kaburi na barua yako mfukoni, ile uliyompa dereva wa lori la magome la kiwanda chetu aniletee Njombe, na nilikuwa bado sijaimaliza. Umekufa, umeoshwa, kwaya yako imekuimbia, na mimi rafiki yako sikuwa nimesoma barua ya kurasa tatu.

Nimeimaliza leo asubuhi.

Ilinifikia Jumatatu, niko maabara ya kiwanda napima maji ya magome ya miwati, miti ya kutolea dawa ya kulainishia ngozi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu tupu, kama tulivyolelewa: mimi mzima wa afya, mama mzima, mahindi yanapendeza, wanafunzi wangu wa Makambako wazima, sijui wewe mwenzangu. Ukurasa wa pili ukaanza na ule ubishi wetu wa chuoni Kampala. Nikakunja uso. Miaka miwili imepita, na bado hujauacha tu.

Mimi nilishikilia kwamba ukizidisha soda kali mara mbili, ile kloridi tuliyopewa kupima itageuka alkoholi upesi mara mbili. Wewe ukasema hapana, kazi ile ina hatua mbili. Kwanza klorini hujitoa yenyewe, taratibu, bila kusukumwa na soda. Kisha ndipo soda inanyakua kilichobaki, kufumba na kufumbua. Mwendo wa kazi nzima unaamuliwa na ile hatua ya polepole, na soda haimo humo. Nilipokataa ukaniuliza mbele ya darasa zima: "Ulanzi unadondoka tone kwa tone kwenye mbeta. Ukialika wanywaji wengine kumi, mbeta itajaa upesi?" Wenzetu hawakujua kwamba ulanzi ni pombe ya mianzi na mbeta ni kipande cha mwanzi cha kuikingia, lakini walicheka sana. Niliudhika, maana vipimo vyangu vilionyesha niko sahihi.

Sasa umeandika kwamba umelifukua daftari letu la zamani na kuona nilichofanya. Chupa yenye soda maradufu niliipima alasiri, chumba kimepata joto. Ile nyingine niliipima asubuhi na baridi yake. "Ulipima jua, mwenzangu, hukupima soda." Nilipofika hapo damu ilinichemka. Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni mwa koti, nikasema huyu atangoja jibu mpaka achoke. Nikakununia siku nne.

Ukurasa wa tatu una mistari michache tu. "Ila tumbo linanikaza upande wa kulia tangu juzi, kutembea ni shida. Niombee kibali kwa bwana meneja, lori likirudi huku linipeleke hospitali Ilembula. Mama usimwambie, atahangaika. Wasalaam."

Ila. Ndivyo tulivyo sisi, Zakaria. Nyumba ikiungua tutaulizana kwanza habari za ng'ombe. Lori lilipita kwenu Jumanne, likapita na Jumatano. Dereva hawezi kupakia mtu bila kibali, na kibali ni karatasi ya dakika tano. Siamini. Nimekisoma kile kipande mara nyingi na bado siamini.

Ijumaa dereva aliponiambia uko taabani, ungeziona mbio zangu. Kibali nikapata, blanketi nikapata, vijana wanne wa kukubeba hadi barabarani nikapata. Ilembula walikupokea mlangoni na kukuingiza moja kwa moja. Daktari akasema kidole tumbo kimepasuka tangu jana yake. Wote tulikwenda upesi, mimi na dereva na vijana na wauguzi, wanywaji wako kumi. Hatua ya polepole ilikuwa moja, nayo ni mimi kufungua karatasi.

Daftari nililichukua kwenu baada ya mazishi, nimeliangalia. Joto liliandikwa pembeni kwa mkono wangu mwenyewe. Ulikuwa sahihi, na ningetoa chochote niwe nimekwambia hivyo Jumatatu.

Mama yako alinishika mikono msibani mbele ya watu. Akasema, "Asante, mwanangu, wewe ulimkimbilia." Nami nikainamisha kichwa na kuipokea ile asante.

Uliniomba nisimwambie. Nisamehe, hilo sitakutii. Jumapili baada ya ibada nakwenda Kitandililo. Atanikaribisha, atataka habari za Njombe, za kazi, za njiani, na najua nikianza kuzijibu sitafika mwisho. Kwa hiyo nakuahidi, mnyalukolo. Lala salama, uniachie hili moja. Nitamsomea ukurasa wa tatu nikiwa nimesimama mlangoni, kabla hajanisalimu kamwene.

Mwenzako wa daftari,
Yohani