Popo kwenye Kofia ya Mzee Faki

Makangale, Pemba

Kaka yangu Khamis,

Bunda langu la michoro lilipotea Alkhamisi ya mwisho ya Mfungo Mosi, siku ile uliyoondoka hapa kurudi Unguja. Nimelitanguliza hilo mbele ya salamu, uniwie radhi. Salamu hungoja, hili halingoji.

Sasa salamu. Hujambo, kaka? Mama mgongo wake vipi, na ile dawa ya kuchua niliyokupa umempa? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Zuwena kapona kifua, anakula, anapiga kelele, na keshakuwa Mpemba mtupu. Juzi kanambia, "Mama, mimi si ntoto tena." Kofia ninazoshona zinatoka. Paa uliloliona linavuja nimeshaliezeka upya, wala sikumwomba mtu.

Ulipokuwa hapa uliniambia michoro itaniharibia mtoto. Sikukujibu kwa kuwa ulikuwa mgeni wangu. Leo nakujibu.

Baba yake Zuwena aliponiacha, mtoto alikuwa anaota meno. Analia yeye, nalia mimi, na kofia ya mtu iko mapajani haiendi mbele. Asubuhi moja nikambeba hadi ukingoni mwa msitu wa Ngezi kuokota kuni. Nikamkalisha chini, naye akanyamaza akimtazama konokono anapanda jani. Nikachukua kipande cha mkaa na karatasi iliyofungiwa sukari, nikamchora yule konokono. Nilipoinua kichwa jua limeshapanda, mtoto kalala, na mume sikuwa nimemkumbuka hata mara moja. Tangu hapo ndiyo dawa yangu. Wengine hutafuna tambuu. Mimi huchora majani, kaa, mizizi ya mvule, Zuwena kando yangu akichora vumbi kwa kijiti. Na usidhani ni mchezo: viua vyote, yale mapambo ninayoshona kwenye kofia, vimetoka humo, na viua ndivyo vinavyotulisha.

Umesikia huko mjini kwamba nawashonea watu wanyama vichwani. Sikiliza ilivyokuwa. Jani la mkungu huingia mara kumi na mbili kuzunguka kofia, na hubaki pengo la kidole la kuzibaziba. Popo aliyelala, kajifunika mbawa zake, huingia mara kumi na sita kamili, hapabaki hata nafasi ya uzi. Nikasema, nani atajua? Kajikunja kama kitumba cha karafuu. Lakini masikio nilimwekea, maana bila masikio moyo wangu haukuridhika.

Mzee Faki, jirani yetu muuza chumvi, akainunua, akaivaa Ijumaa. Watu wanatoka msikitini, Zuwena, aliyewaona popo wale nikiwachora, akanyoosha kidole: "Mama! Mzee kavaa popo!"

"Popo gani, mwanangu? Karafuu hizi," Mzee Faki akasema, akaivua kofia kumwonyesha.

"Karafuu ina masikio, Mzee?" akauliza mmoja.

"Subhanallah! Nimeswali na popo kumi na sita!"

"Ndiyo maana ulichelewa kuinuka kwenye sijda," akadakia mwingine. "Walikuwa wanakung'ang'ania."

Wakacheka mpaka shehe akatoka kuuliza kuna nini. Hakunikaripia. Alisema kofia ya kuswalia haifai kuwa na umbo la kiumbe chenye roho, niliondoe, yaishe. Nikafumua masikio, nikatoboa vitundu vinne juu ya kila kichwa, na popo wote wakawa vitumba vya karafuu. Sasa hata kutoka Wambaa, kusini ya kisiwa, wananiagiza kofia ya karafuu, na Mzee Faki anajisifu kwamba kiua kilizaliwa kichwani mwake.

Hiyo ndiyo aibu iliyokufikia. Ungeniuliza ningekwambia. Badala yake ulilala chumba kile, bunda likiwa chini ya mto, na ulipoondoka halipo. Sisemi umeiba. Nasema hapakulala mtu mwingine.

Na kuna usilolijua, kama hukuzigeuza zile karatasi. Nyuma ya kila moja nimezungusha mkaa kando ya kiganja cha Zuwena, tangu hajajua kusimama. Popo naweza kuwachora tena, wapo mtini, hawajahama. Kiganja kile cha utotoni nitakitoa wapi?

Nibusie mkono wa Mama. Msalimie wifi yangu Zuhura, mwambie kanga alizoniletea nazivaa. Na shangazi Mwanajuma, aliyenifundisha kushona, mwambie sindano yake haijalala.

Barua hii anakuletea Mzee Faki mwenyewe. Itazame kofia aliyovaa, uone kama ni ya kutia ukoo aibu. Anapanda meli ya kurudi Jumatano asubuhi. Kabla hajapanda nataka neno moja kupitia kwake: michoro unayo, au umeichoma? "Tutazungumza" si jibu. Kama unayo, mpe, nami sitalitaja tena.

Mdogo wako,
Asha

Geuza karatasi. Hicho ni kiganja cha Zuwena cha leo. Anasema anamsalimia mjomba.