Mtaro wa Kiilu Haufukiwi

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache tarehe 19 Juni 1998. Josphat Kiilu Mwangangi, mchoraji ramani, mkazi wa Umoja. Tungependa kukuambia huku kwetu ni shwari, lakini si shwari. Kuna mtu anautaka mtaro wako.

Ulikuwa mtu wa penseli sikioni, hata kanisani. Ofisini ulichora mifereji ya watu wengine, jioni ukatuchorea yetu nyuma ya karatasi za kalenda. Kila masika maji yalishuka kutoka barabarani yakaingia ndani bila hodi, na Mama akapandisha godoro juu ya meza huku akikutazama kana kwamba mvua ni yako.

"Msiyafukuze," ulisema. "Yapeni pa kukaa, yanywewe na nyasi."

Mwaka 1996 ulikusanya majirani kwenye uwanja wa wazi nyuma ya nyumba. Ukawaambia wafanye juu, kama tunavyochimba kwetu Ukambani: mtaro ukatishe mteremko, udongo utupwe upande wa juu. Kisha ukaenda kazini. Uliporudi udongo ulikuwa umerundikwa pande zote mbili, na jirani yetu Asenath Ayuma, mtu wa Kakamega, amejishika kiuno anakungoja umsifu.

"Si ulisema tufanye juu chini, Baba Wavinya? Tumefanya juu chini mpaka migongo inalia!"

Ulicheka hadi ukakaa kwenye udongo na suruali yako ya kazi. Hukumrudisha mtu hata mmoja kuchimba tena. Ulichora upya, ukakata milango kwenye tuta la juu ili maji yaingie polepole, ukajaza kokoto na mchanga chini, ukapanda migomba na nyasi ya tembo. Wakasema umeleta shamba mjini. Mvua za El Nino zilipokuja, mtaa wa pili waliamka wamesimama kwenye maji. Nyumba kumi na nne za laini yetu zilibaki kavu. Asenath hadi leo anasema mtaro ni wake. Tumemwachia nusu.

Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja na karatasi, eti kiwanja amegawiwa. Akapigilia vigingi vinne katikati ya migomba, akamuuliza Mama mwenye mtaro ni nani.

"Mwenyewe amelala kaburini kwao Mwala," Mama akamjibu. "Lakini jembe lake liko hapa, na mimi ndiye ninayelishika."

Yule bwana akacheka. Kesho yake, mchana kweupe, laini nzima ilitoka na kuving'oa vile vigingi. Tumeviweka kwa chifu, avifuate huko.

Tunakukosa, Baba. Tunakukosa vibaya, na zaidi siku za mawingu. Lakini kulia tumelia vya kutosha.

Maombi ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, hapo hapo uwanjani. Mashada yabaki dukani. Kila mtu aje na jembe, kwa sababu tukishasema amina tutachimba mtaro wa pili, pale pale vigingi vilipokuwa. Na yule bwana akija, jembe lake lipo.

Unakumbukwa na mke wako Ndunge, wanao Mwanzia na Wavinya, ndugu yako Muasya, na Asenath, ambaye amekataa kuandikwa jirani.

Kukusahau hatuwezi, Baba, na hapa hatutoki.