Mashine Iliyojifunza Kueleza Sababu

Mpendwa baba yangu, Tata,

Unakumbuka asubuhi ile habari ilipofika kwetu Masimba kwamba Mogaka, mdogo wako, amefia hospitali? Mama alikuwa ameshajifunga leso kiunoni, majirani wanalia. Wewe ukauliza tu, "Nani amesema? Na yeye ameambiwa na nani?" Watu wakakuona huna moyo. Ukaenda ukiuliza mmoja baada ya mwingine mpaka Ogembo, na jioni ukarudi na Mogaka mwenyewe, mzima, anacheka. Aliyefariki alikuwa Mogaka mwingine. Mama alimchapa kwa leso huku machozi yakimtoka.

Tata, siku hizi hiyo ndiyo kazi yangu.

Kliniki moja ya huku ilituomba mimi na wenzangu tuitengenezee programu ya akili unde ya kuwasaidia wahudumu kukagua dawa. Ile ya kwanza ilijibu kwa Kiswahili kitamu. Moraa, mhudumu wa zamu, alipoiuliza imejua aje, ikamwongezea maneno matamu tu, bila kutaja sababu.

"Hii inanidanganya kwa adabu," akaniambia.

Basi tukaijengea grafu ya maarifa. Ni mtandao wa mambo yaliyofungwa pamoja kwa nyuzi: dawa hii ni ya kundi lile, kundi lile hudhuru figo. Kila uzi unaonyesha umetoka mwongozo gani wa matibabu. Sasa mashine hufuata nyuzi hizo kwanza, ndipo ijibu, na ikijibu inaonyesha ilikopita. Uzi usipokuwapo, inasema haijui.

Majuzi akaja Kemunto, mchuma chai wa Itumbe, mgongo unamuuma. Alitaka vidonge vilevile alivyozoea kununua dukani. Moraa akaingiza jina la dawa na ugonjwa wa figo alio nao Kemunto. Mashine ikakataa. Moraa akamgeuzia kioo cha kompyuta, akamfuatishia kwa kidole: dawa, kundi lake, figo, wewe.

Kemunto akaitazama miguu yake. "Kumbe ndio maana miguu inavimba? Nimevimeza vidonge hivi tangu mvua ianze!"

Moraa akafungua mwongozo wenyewe, akaona ni kweli. Akamsimamishia vidonge, akampa dawa nyingine na kumtuma apimwe. Figo zilikuwa zimechoka, lakini zimewahiwa.

Watu huniuliza kama mashine hizi zitawahi kuaminika. Nawajibu bila kusita: zitaaminika, tukizilazimisha kutuonyesha njia. Grafu yetu bado ina makosa, ila kosa lililo kwenye uzi unalishika na kulirekebisha. Kosa lililojificha ndani ya maneno matamu utalishika wapi? Natamani ungeketi kando yangu tuzikague nyuzi hizi pamoja, maana ungezivuta bila huruma.

Jana Kemunto alifika na kikapu cha chinsaga, ile mboga chungu unayoipenda, akasema ni zawadi ya mashine.

"Mashine haili, mama," Moraa akamwambia.

"Basi wewe uile kwa niaba yake. Na uiambie asante."

Niache niende, Tata. Moraa amenigawia nusu, na maji yameshachemka.

Binti yako