Friji ya Shangani na Kingamwili za Esta

Shangani, Mtwara
14 Agosti 2003

Mpendwa mwanangu Esta,

Kwa mamlaka madogo niliyobakiwa nayo humu ndani, natangaza rasmi kwamba baba yako mdogo amepigwa marufuku kufungua friji. Hata maji ya kunywa naletewa. Amri ni ya mama yako mdogo Theresia, na haina rufaa.

Baada ya tangazo hilo, hujambo? Huko Uswidi jua limeonekana? Sisi wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua na kukosea.

Neema ameanza kufundisha shule ya Likombe. Wanafunzi wanamwogopa, nyumbani yeye anaogopa panya.

Sasa Gaudensi wako, anayekufanyia vipimo katika maabara ya hapa. Juzi alipita hapa amenyong'onyea. Vioo vyote vya sampuli alivyopaka kingamwili zako havikuonyesha rangi hata chembe, kana kwamba ile protini ya kwenye utando wa seli, inayong'oa fosfati, haimo kabisa. Na wewe umemwandikia kwamba mkono wake si mwangalifu, mwezi ujao unatafuta mtu mwingine.

Nikampa pole. Theresia akaniangalia mpaka chai ikanipalia. Gaudensi alipotoka, akasema, "Baba Neema, andika mwenyewe. Nikiandika mimi sitaanza na salamu."

Basi ilikuwa hivi. Vile vichupa viwili vya kingamwili alivyoleta Danieli kutoka kwako, vikae kwetu wakati friji ya maabara inatengenezwa, ulisema viwekwe sehemu ya chini ya friji, visigande vikaharibika. Nilikusikia vizuri sana. Lakini niliona aibu: kitu kimepanda ndege toka Ulaya, kinalala na kisamvu. Mgeni wetu tangu lini akalala jikoni? Nikashusha samaki, nikapandisha kichupa kimoja juu kwenye barafu, mahali pa heshima. Siku nne. Gaudensi alipokuja kukichukua kilikuwa jiwe, nikakiyeyusha kwapani.

Akaniuliza, "Mzee, hiki hakikuganda?"

Nikamjibu, "Kitagandaje na joto hili la pwani?"

Mkono wake hauna kosa, na huenda protini yako imo. Kichupa cha pili sikukiona, kilikuwa nyuma ya mtungi wa mtindi, kwa hiyo heshima yangu haikukifikia. Leo asubuhi nimempelekea, nikamweleza yote mbele ya wenzake. Alicheka, halafu akakaa chini, akaanza kuandaa vioo vipya.

Theresia, Neema, Danieli na bibi yako Yustina wanakusalimu. Mungu akutunze, na akupe wepesi wa kumwandikia Gaudensi kabla hujanijibu mimi.

Wako akupendaye, na mwenye kosa,
Baba mdogo Paulo