Namba ya Baba Imegawanyika

Alhamisi, mtaa wa Mutakura. Mvua tangu asubuhi, bati linapiga kelele, na mimi nimechoka na nina aibu.

Leo nimemdanganya baba kwa hesabu. Yeye, aliyefundisha hesabu Uvira miaka mingi kabla hatujavuka kuja huku.

Nieleze vizuri, maana hata mimi nahitaji kuielewa siku hii. Tulivuka mpaka watu kumi na saba, ndugu na majirani. Baba aliandika moja kwa kila mtu, zikawa moja kumi na saba mfululizo: 11111111111111111. Akasema hiyo sasa ni namba yetu, na atathibitisha kwamba haigawanyiki, yaani ni namba tasa. Huu ni mwaka wa kumi na moja anaigawanya kwa mkono. Hajaribu kigawanyo chochote tu. Anachukua vile ambavyo ukivigawa kwa thelathini na nne inabaki moja, kwa sababu, anasema, kigawanyo tasa cha namba hii hakiwezi kuwa cha aina nyingine. Simu haitakiwi mezani. Anasema simu haikutembea na sisi.

Watu wenyewe wametawanyika: Kanada, Nairobi, makaburini. Humu ndani tuko wawili. Tangu macho yake yafe, kalamu naishika mimi, kila siku saa kumi alasiri. Ndicho kitu pekee kinachomtoa kitandani. Anaoga kwa ajili ya namba, anavaa shati. Saa nyingine zote analala akiwa ameuelekea ukuta asiouona.

Leo ilikuwa zamu ya 2 071 723. Niligawanya polepole, nikimsomea kila tarakimu ya jibu naye akizishika kichwani: 5 363 222 357. Nikafika mwisho. Hakikubaki kitu.

Sifuri.

Niliogopa. Nikasema, "Inabaki tisa."

Sikuitaja tisa ovyo. Kila hesabu baba huikagua kwa preuve par neuf, ile ya kujumlisha tarakimu na kutupa tisa tisa, tuliyofundishwa sote shuleni. Tisa inapita pale bila kuonekana. Yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha udhaifu huo nilipokuwa mdogo. Nilijiona mjanja.

Alikagua kimya, midomo ikicheza. Ikakubali. Lakini hakuniambia tuendelee.

"Mutoto wangu, kigawanyo inaishia na tatu, jibu inaishia na saba. Tatu mara saba?"

Nikamwambia ishirini na moja.

"Ongeza ile tisa yako. Inaishia na ngapi?"

Thelathini inaishia na sifuri, na namba yetu inaishia na moja. Mtoto wa darasa la tatu angeniumbua.

"Apana kunificha," akasema. "Andika zéro."

Nikaandika. Akaomba nimrudishe kitandani, kabla hata ya habari za redio. Kila siku akiinuka mezani huuliza kesho tunaanza na ngapi. Leo hakuuliza.

Jioni nzima nimetafuta kazi nyingine ya kumpa. Nikafikiri, basi tuvigawanye vile vipande viwili vyenyewe, kigawanyo na jibu. Halafu nikaona mambo yalivyo. Kitu chochote kinachogawanya kipande kinagawanya na namba nzima, na kama kingekuwepo, kingekuwa miongoni mwa vile vidogo tulivyovijaribu miaka mingi iliyopita, vikakataa. Vipande vyote viwili ni namba tasa. Baba lazima alishaliona hilo kabla sijamvua viatu.

Kwa hiyo imekwisha. Hakuna kurasa nyingine za kujaza, na mimi ndiye niliyeshika kalamu.

Angalau ningesema ukweli mara moja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba miaka yote hii aliniamini kumsomea asichoweza kukiona, na siku moja tu iliyohitaji uaminifu nikamletea tisa.

Shati lake la kesho nimelipiga pasi hata hivyo. Saa kumi nitamwita mezani, nikiwa sina namba ya kumpa. Atainuka?