Jina la Nyanya Karambu Halikutajwa Mtoni

Runyenjes, Embu

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima yote, nikiomba barua hii ikukute umeketi. Presha imetulia? Joto la Voi limepungua? Na Devi, dada yangu, bado anafungua duka alfajiri kama Baba alivyomzoeza? Mimi ni mzima wa mwili. Chuo hakijafunguliwa tangu mgomo wetu, nami nimejihifadhi hapa Runyenjes kwa rafiki yangu, nikiwasaidia wazazi wake kuchuma majani chai. Vidole vyangu, vilivyozoea kipaza sauti, vimepasuka kwa umande.

Najua umenipigia simu mara nyingi nami sikupokea. Niwie radhi. Swali lako ni moja, na simu ingenipa nafasi ya kujieleza kabla ya kujibu. Kujieleza ndiko kulikoniponza. Kwa hiyo najibu kwanza: hapana, Mama. Hakutajwa.

Wewe ulikuwapo Baba alipotuambia, akiwa amelala, kwamba tukimfanyia shradha ya kwanza, ile ibada ya Kihindu ya wafu, tukimlisha yeye na waliomtangulia kwa matonge ya wali na maji ya ufuta, tumtaje na mama yake, Nyanya Karambu. Ndugu za Babu Jivraj, Wahindi wenye maduka, walikuwa wamekataa miaka yote jina la mwanamke Mmeru lisimame pamoja na majina yao, naye Baba aliwaogopa hadi wakafa. Nilikuahidi kwamba mimi simwogopi mtu. Ole wangu, nilisema kweli.

Nilimwalika panditji wa Nyeri, kuhani wa Kihindu, mzee mpole, akaja hadi Mitunguu siku ya mwisho ya majuma yale mawili ya kuwakumbuka wahenga, siku ya mwezi giza. Nyanya Kanana, mdogo wake Nyanya Karambu, alitukatia majani ya mgomba shambani kwake, akatufuata mtoni Thingithu na kuketi juu ya jiwe, Biblia mapajani. "Mimi ni mtu wa kanisa," alisema. "Nitaangalia tu."

Nilipika wali mwenyewe, nikafinyanga matonge, nikayapanga juu ya jani: la Baba, la Babu, la baba yake Babu, na kando yake la Nyanya Karambu. Kabla hatujamwaga maji ya kwanza, panditji akaniuliza gotra ya kila mmoja, yaani ukoo wa kale anaoitiwa. Wanaume walikuwa nayo. Alipofika kwa Nyanya akauliza, "Bibi aliolewa mbele ya moto, kwa desturi yetu?"

"Aliolewa kwa bunda la miraa na mtungi wa asali, mbele ya ukoo wake mzima."

"Basi siwezi kumwita kwa gotra ya babu yako. Lakini haina shida, kijana yangu. Ambaye gotra yake haijulikani, sisi humwita Kashyap. Ni mlango wa watu wote. Sema Kashyap, kisha mtaje jina."

Mama, hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo na kusema maneno mawili. Badala yake nikasimama.

"Haijulikani kwa nani?" nikamwuliza. Nikamwuliza pia ni nani aliyeipa nchi ya mbali mamlaka ya kumwita yatima mwanamke aliyezaliwa hatua chache kutoka mto huu. Nikasema juu ya matabaka na ukoloni, juu ya wenye maduka waliokula jasho la wake zao na kuwaficha vyumba vya nyuma. Nikasema mwanamke wa Kiafrika hataingia katika historia kupitia mlango wa uani. Panditji alinisikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akalitazama jua. Mwenye bodaboda aliyemleta akacheka, "Mzee, huyu anasimamia kiti gani? Tumpigie kura twende!"

Hata Nyanya Kanana akaniita. "Wewe kijana, mzee amekufungulia mlango. Sasa unagombana na mlango ya nini?"

Sikumsikia. Sikusema uongo, Mama, na hilo ndilo linalonichoma: kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilikula muda. Ibada ile haina budi kwisha kabla jua halijainama sana, na familia nyingine ilikuwa ikimngojea Meru mjini. Mwishowe akanigusa bega. "Umesema vizuri sana. Lakini jua halina masikio." Akanishika mkono, tukamwaga maji kwa Baba, kwa Babu, na kwa baba yake, akasoma dua ya kufunga. Ikishafungwa, haifunguliwi hadi mwaka ujao.

Tonge moja likabaki juu ya jani. Nikauliza nilifanye nini.

"Halikutajiwa mtu," alisema kwa huzuni. "Mpe ng'ombe."

Nyanya Kanana aliinuka, akakung'uta leso yake. "Mimi sikuja kwa hiyo wali yenu," akaniambia. "Nilikuja kusikia dada yangu akiitwa. Umeongea mpaka mate ikaisha, ati mwanamke, mwanamke. Karambu hujasema hata mara moja."

Nimeirudia hotuba ile kichwani kila nikiwa kati ya mistari ya michai, nikilitafuta jina lake ndani yake. Halimo. Ndugu za Babu walimnyima jina kwa kiburi cha damu. Mimi nimemnyima kwa ufasaha. Baba alingoja maisha yake yote, na sasa nimemwongezea mwaka. Panditji amekubali kurudi. Nitasema Kashyap, nitasema Karambu, na sitaongeza neno, hata kama moyoni ningali naamini kwamba ukoo wake ulijulikana.

Nisalimie Devi, umwambie asinitetee. Msalimie mjomba anayekuletea kuni, na mama jirani anayekupima presha. Nyanya Kanana nilimwomba salamu za kukuletea. Akasema atazileta mwenyewe.

Ni mimi mwanao, niliyetumwa neno moja,

Kirimi